Mashine Iliyoombewa

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye. Wagombea wa cheo hicho hawakukosekana, kiwanda kizima kilikuwa nao, lakini alipita bila kupingwa. Alipita huku anatabasamu, chupa ya mafuta mkononi.

Alikuwa mchomaji wa mikate. Tanuri lilikuwa limemla nyusi na vinyweleo vya mikono, likamwachia uso unaong'aa kama sufuria lililosuguliwa kwa mchanga. Likamwachia na sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyompa jina. Kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi walisimama kati ya magunia ya unga, vichwa chini, naye akaiombea zamu. Aliomba umeme usikatike, hamira iumuke, gari la kupeleka mikate lisipate pancha. Mwenye dini nyingine aliomba kimoyomoyo kwa njia yake, maana bosi alishasema Mungu ni mmoja na zamu ni moja. Wenzake wakaanza kumwita Askofu. Mara ya kwanza alikataa, kwa adabu. Mara ya pili aliitika.

Mnafiki hakuwa, hilo apewe. Kwake nyumbani paa lilivuja, akatega ndoo chini na kuomba. Mafuta ya taa yakikaribia kwisha, aliomba chakula kiive kwanza. Mtoto akishikwa na homa aliweka kiganja chake kile kigumu juu ya paji la uso, akaomba mpaka jasho likamtoka yeye badala ya mtoto, na mara nyingi asubuhi mtoto aliamka anadai uji. Mtu akishaona hivyo mara nyingi, utamwambia nini?

"Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja anamwaga ndoo, "Mungu si fundi wa paa."

"Fundi wa paa anataka malipo. Mungu anataka imani. Sasa hapa ndani kuna kipi?"

Mkewe alicheka, ndoo ikarudi mahali pake.

Pale kiwandani alikuwepo pia shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, ambaye kazi alimtafutia yeye mwenyewe na hakuacha kumkumbusha. Shemeji alikuwa kwenye mashine ya kukandia unga: beseni la chuma ambalo mtu mzima angeweza kuogea, na ndani yake kulabu nene inayozunguka na kulifinyanga donge. Ilipoletwa, mashine ile ilikuwa na wavu wa chuma juu ya beseni. Ukiinua wavu, inasimama yenyewe. Ndivyo alivyofikiri aliyeitengeneza, na yaelekea alikuwa na mikono anayoipenda. Lakini mashine ikisimama, kazi inasimama, na bosi hakupenda kuona kitu kimesimama. Akaagiza wavu utolewe. Swichi yake ikafungwa kwa waya ili mashine idhani wavu bado upo. Wavu wenyewe ukaegemezwa ukutani, wanawake wakauanikia matambara.

Kwa hiyo unga uliogandia pembeni mwa beseni ulikwanguliwa kwa mkono, chuma kikiwa kinazunguka. Shemeji alikuwa na mwendo wake: ingia, kwangua, toka, kama mtoto anayeiba sukari. Aliufanya mwendo huo mamia ya mara kwa siku, na wageni wakifika bosi aliwaleta waone alivyo mwepesi.

Asubuhi moja alikuja mbele ya tanuri ameshika kipande cha mkono wa blauzi yake mwenyewe.

"Shemeji, hebu tazama. Ile mashine inataka kuniposa. Imeanza na nguo."

Askofu alichomoa trei, akaiweka chini. Mkono wa shemeji ulikuwa na mchubuko mwekundu kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo.

"Imekushika?"

"Imenishika, nikaikatalia. Sikiliza. Nenda kwa bosi umwambie arudishe wavu. Mimi nikienda ataniambia geti liko wazi. Wewe anakusikiliza."

"Nitakwenda."

"Leo."

"Leo, shemeji. Kwani askofu hana miguu?"

"Anayo," alisema shemeji, "ila anapenda zaidi magoti."

Wapakiaji waliokuwa karibu wakacheka, na Askofu akacheka nao. Utani wa shemeji haulipizwi.

Ofisi ya bosi ilikuwa na dirisha la kioo lililotazama chini kiwandani, na feni iliyopuliza upande mmoja tu, upande wa bosi. Askofu alivua kofia. Ngazini alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri: wavu, swichi, mchubuko. Alipofungua mdomo likatoka lingine.

"Bosi, samahani, kuna jambo dogo."

Hapo alikuwa ameshashindwa, ila hakujua.

"Mtumishi," alisema bosi. "Kaa, kaa kwanza."

Miaka yote ile hakuwahi kuambiwa akae katika chumba kile. Alikaa kwenye ukingo wa kiti ili asikichafue kwa unga. Akaeleza habari ya nguo iliyoshikwa. Bosi alisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi, akashika kichwa.

"Unajua, hata mimi nimekuwa naiota mashine ile. Naamka nimelowa. Kuna kitu pale, Mtumishi. Si chuma tu."

"Sasa bosi, ule wavu—"

"Wavu ni kazi ya binadamu. Nikiurudisha, oda ya shule haitoki. Oda isipotoka, atakayelala njaa ni nani, mimi? Haya, nikuulize wewe unayeyajua mambo haya. Anayemlinda mtu ni wavu au ni Mungu?"

Askofu alilitazama swali. Lilikuwa na mlango mmoja.

"Ni Mungu, bosi."

"Basi." Bosi aliinuka, akachukua rafuni chupa ya mafuta, yale yale ya kupaka makopo ya kuokea mikate, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. "Iombee mashine. Mbele ya watu wote. Mimi mwenyewe nitashuka."

Akashuka nayo ngazi. Ametumwa chumvi, anarudi na habari za harusi.

Mashine ilizimwa katikati ya zamu. Jambo hilo halikuwahi kutokea, hata siku alipozimia dada wa kufunga mikate. Mpakiaji mmoja aliyeitwa Kobe, mtu wa maneno machache na ya pole, alilitazama beseni lililotulia.

"Kumbe inaweza kusimama," alisema.

Askofu alikuwa ameanza. Aliomba siku hiyo kuliko alivyowahi kuomba. Aliikemea ile mashine kana kwamba ina masikio. Akampaka kila mtu mafuta kwenye paji la uso, akaupaka ukingo wa beseni wote kuuzunguka, hata pale shemeji alipozoea kushika kwa mkono wa kushoto ili ajizuie asianguke mbele. Pale alipaka mara mbili, kwa upendo. Bosi alisema amina kabla ya wengine na kwa sauti kuliko wengine.

Shemeji hakufumba macho.

"Na wavu?" aliuliza, watu wakiwa bado wamesimama.

"Ondoa hofu. Imefunikwa," Askofu alimjibu.

"Imefunikwa na nini? Mimi naona beseni liko wazi."

Kicheko kilipita kati ya magunia. Askofu aliona bosi anamtazama, akasikia uso unamchoma.

"Kuna watu," alisema kwa ile sauti yake, "hata wakishushiwa muujiza watauliza risiti."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na kilikuwa upande wake. Kilimkolea vizuri. Alirudi kwenye tanuri anatembea kama mtu aliyeshiba. Huko nyuma mashine ikawashwa.

Wiki haikuisha.

Hakusikia ukelele. Alisikia mashine inabadilisha sauti, ikinguruma kama inavyonguruma donge likiwa gumu kupita kiasi, na moyoni akamlaumu shemeji kwa kutopima maji. Kisha akaona watu wanakimbia. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukingo wa beseni kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka kisimani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteleza pale ulipokuwa unajizuia. Wa kulia ulikuwa ndani.

Kobe, mtu wa pole, ndiye aliyefika kwenye umeme kwanza, akauzima. Akaleta spana, akaanza kuirudisha kulabu nyuma, kidogo kidogo. Askofu alikuwa tayari amepiga magoti kwenye unga, anaomba kwa nguvu zake zote.

"Shika taa," Kobe alimwambia.

Aliendelea kuomba.

"Askofu. Shika taa. Utaomba huku umeshika."

Akashika taa. Ilimbidi atazame ndani ili aimulike vizuri. Alipoona, maneno yote yakamkimbia, isipokuwa moja alilolirudia kama mtu anayegonga mlango: shemeji, shemeji, shemeji.

Hospitali walikata kilichokatika na kushona kilichoshoneka. Katika mkono wa kulia kilibaki kidole gumba, peke yake, kama mgeni aliyesahauliwa na gari lake.

Habari ikafika kwa wakubwa wa idara ya kazi serikalini, haijulikani ilipitia wapi, na ikasemekana kuna ofisa atakuja kukagua. Asubuhi ya siku hiyo matambara yalianuliwa, wavu ukaoshwa kwa maji ya moto na kufungwa juu ya beseni. Waya ulitolewa kwenye swichi. Bosi alimwita Askofu juu.

Kiti kilikuwa pale pale.

"Mtumishi, atakuuliza maswali. Wewe sema ukweli tu. Kwani ulipaka mafuta au hukupaka?"

"Nilipaka, bosi."

"Hata pale anaposhika mtu?"

"Hata pale."

"Na mafuta, tabia yake ni nini? Yanateleza au hayatelezi?"

Feni ilipuliza upande wake mmoja. Askofu aliitazama mikono yake.

"Mimi sikulaumu," alisema bosi taratibu. "Mtu mwenye bidii ya Mungu halaumiwi. Watoto hawajambo?"

Hakuwahi kuulizwa habari za watoto.

"Hawajambo."

"Mungu awatunze. Maana kazi siku hizi," bosi alisema, akaiachia hapo, akageuka kutazama kalenda.

Ofisa alikuwa kijana mwenye viatu vilivyojaa vumbi na uso wa mtu aliyekuja kwa miguu. Aliletewa chai na mkate wa moto, akala kwa haraka ya mtu asiyekuwa amekunywa chai asubuhi. Aliuona wavu. Aliuinua, mashine ikasimama. Akaushusha, ikaendelea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kobe alikuwa ametumwa mjini na gari tangu alfajiri, kufuata magunia ambayo hayakuwa na haraka yoyote.

"Wewe ndiye uliyepaka mafuta?" ofisa aliuliza waliporudi juu ofisini.

"Ndiyo, mzee," Askofu alijibu, ingawa kijana yule angeweza kuwa mtoto wake.

"Nani alikutuma?"

Sasa, Askofu alikuwa na mahubiri yake aliyoyapenda sana, kwamba mtu wa imani akisimamishwa mbele ya wakubwa asihangaike atasema nini, maana maneno atapewa papo hapo. Alikuwa ameyasema hayo mara nyingi, kati ya magunia yale yale. Akasimama, akangoja apewe. Aliwaona watoto wake. Aliiona ndoo chini ya paa. Aliiona taa ile mkononi mwake na kilichokuwa ndani ya beseni. Nyuma ya ofisa, bosi alikuwa bado anaisoma kalenda kama kitabu.

"Nilisukumwa na Roho," alisema.

"Roho."

"Ndiyo."

"Menejimenti haikuhusika?"

"Haikuhusika."

"Na wavu ulikuwepo?"

Askofu aliunyooshea kidole kupitia dirisha la kioo. "Ule pale."

Ofisa alifuta mdomo, akashukuru kwa mkate, akapewa mingine ya kubeba. Hakuwa amefika hata barabarani, wavu ulishafunguliwa na kuegemezwa ukutani. Oda ya shule ilikuwa imechelewa. Kwenye mashine aliwekwa binti mpya, mwembamba, aliyekuwa amekaa getini tangu juzi akisubiri nafasi itokee. Akafundishwa mwendo: ingia, kwangua, toka. Kabla hajaanza alikuja mbele ya tanuri, akainamisha kichwa.

"Wameniambia wewe ndiye Askofu. Naomba uniombee, baba. Naogopa kidogo."

Aliweka kiganja juu ya kitambaa cha kichwa chake. Alisimama hivyo kwa muda, mkate wa kwanza ukianza kuungua nyuma yake, naye anatafuta pa kuanzia.

"Amina," alisema mwishowe.

"Amina," binti aliitikia, akaenda.

Jumapili alitoka na mkewe kwenda kumtazama shemeji. Askofu alibeba mfuko wa mikate ambao bosi aliutoa kwa mkono wake mwenyewe, kama pole. Ulikuwa mwepesi, lakini kila hatua chache aliubadilisha mkono.

Shemeji alikuwa amekaa kitandani katika chumba chake kimoja, mkono wa kulia umefungwa na kulazwa juu ya mto kama mtoto mchanga. Kati ya magoti alikuwa ameibana blauzi, na kwa mkono wa kushoto alikuwa anajaribu kuifunga kifungo kimoja. Kifungo kiliingia nusu, kikatoka.

"Karibuni," alisema bila kuinua uso. "Dada, kaa hapa. Shemeji, wewe nawe kaa, kiti kipo, hapa hatusubiri kuambiwa na bosi."

Mkewe aliinyoosha mikono aisaidie ile blauzi. Shemeji aliisogeza pembeni.

"Niache. Lazima tuzoeane."

Askofu aliweka mfuko mezani. "Ni pole kutoka kiwandani."

"Asante. Nitaula. Mkate hauna kosa." Kifungo kiliingia nusu. "Na mimi je, nitarudi lini kazini? Kakwambia nini?"

"Anasema upumzike kwanza. Mpaka upone."

"Mpaka viote vingine."

Mkewe aliinama, akashika mdomo, na haikujulikana kama alikuwa anacheka au analia. Shemeji aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Kobe alipita jana," alisema. "Anasema watu wamemwambia ulisukumwa na Roho."

Nje mtu alikuwa anatwanga kitu, taratibu. Askofu alijikuna mahali nyusi zilipokuwa.

"Shemeji, ningefanyaje? Nina watoto."

"Wa kwangu ni mawe?"

"Sijasema hivyo."

"Ofisa amekwisha kwenda. Amekwenda na neno lako mfukoni. Nikienda kudai chochote wataniambia nilitelezeshwa na mtu wa ukoo wetu wenyewe, kwa mapenzi yake, na Roho ni shahidi. Mimi najiuliza tu. Hata neno moja hukupata? Neno 'wavu' ni fupi. Hata mtoto mdogo analiweza."

Askofu alitafuta kwa mkewe macho ya kumsaidia. Mkewe alikuwa ameuchukua mfuko wa mikate, anaukunja na kuukunjua mdomo wake.

Ndipo Askofu akafanya alichokifanya maisha yake yote akibanwa. Akarudi alikokuwa na nguvu. Sauti ikatoka, ile ya asubuhi, ikajaza chumba kile kidogo kuliko kilivyoweza kubeba.

"Wanadamu tusimlaumu Mungu, shemeji. Yeye anajua kwa nini. U hai, unaongea, unacheka. Wangapi wamekufa? Shukuru kwa hilo kwanza."

"Nani kamtaja Mungu hapa?"

"Moyo wako unamtaja. Nauona. Una uchungu, na uchungu ni mlango. Tupige magoti sasa hivi, wote watatu—"

"Mume wangu," alisema mkewe kwa sauti ya chini. "Acha."

"Siachi. Kwa sababu hapa nafanywa kama mtu asiyejali." Alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamlenga, na hayakuwa ya uongo. "Nani alijali kama mimi? Wenzako walikuwa wanakutazama tu na wavu wao wa kuanikia matambara. Kobe alikwenda popote? Hakwenda. Ni mimi niliyekwenda. Uliponiambia habari ya ile mashine sikukaa, sikulala. Nilikwenda mbele za Mungu kwa ajili yako, shemeji. Kwa moyo wangu wote, nilikwenda kwa Mungu."

Shemeji aliiweka blauzi chini.

"Kwa Mungu nafika mwenyewe, shemeji," alisema. "Wewe nilikutuma ofisini."